Besi ya mjomba: shajara ya kuifufua

Jumamosi, 4 Januari

Leo nimeifungua besi ya mjomba, lile gitaa la sauti nzito za chini. Nilikuwa naahirisha tangu Novemba nilipotoka nayo Mombasa, imekaa nyuma ya kabati ndani ya begi lake la turubai na kila nikiamka naiona, nikasema basi, leo ndio leo. Ntaandika hapa kila hatua ili nikikwama nijue nilipotoka, na pia kuna vijana wa besi hapa Nairobi huwa waniuliza napenda nini na natumia nini, basi majibu watayapata humu humu ndani ya kazi.

Hali yake kwanza. Ni besi ya nyuzi nne, umbo la Precision, ile ambayo Fender, watengenezaji magitaa wa Marekani, waliitoa 1951, lakini hii si Fender, ni mojawapo ya zile nakala zake, na jina la kichwani limefutika lote kwa jasho na hewa ya chumvi. Mjomba aliipiga kwenye bendi za hoteli Diani miaka ya 80, usiku baada ya usiku, mpaka vidole vikakataa. Ilikuwa nyekundu, sasa ina rangi ya ukwaju. Pikapu, ile sumaku inayosikiza nyuzi, ni ya vipande viwili vilivyopishana, mtindo ambao Precision zimekuwa nao tangu 1957, kipande kimoja chasikiza nyuzi mbili nene na kingine mbili nyembamba. Shingo imeshikwa kwa skrubu nne, nashukuru Mungu zote zimetoka bila kuvunjika kichwa.

Matatizo: volyumu yakwaruza kama redio mbovu, jeki ya kuchomekea waya imelegea, kuna mvumo mkubwa ukiichomeka tu, briji (kile chuma kinachoshika nyuzi huku mwilini) ina kutu, na ncha za freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo, zimetokeza pembeni zakwaruza mkono ukiteremka shingoni. Hilo la freti nalielewa. Shingo imeishi Pwani miaka arubaini, mbao imezoea unyevu, nimeileta Nairobi kwenye kiangazi cha Januari ikakauka na kunywea, na freti ni chuma, chuma hakinywei, basi ncha zikabaki nje.

Nimesafisha. Chini ya kile kifuniko cha chuma kinachofunika briji kulikuwa na kipande cha sponji kimekauka kama mkate wa juzi, kimejaa mchanga, nikakibandua kwa kisu nikakitupa.

Jumapili, 5 Januari

Umeme leo. Nimepima pikapu kwa mita, vipande vyote viwili kwa pamoja vimesoma kilo-omu 10 na kitu, maana yake koili ziko hai. Nilifurahi sana kwa hio namba manake kusuka koili upya ni kazi ya siku nyingi na waya wake ni mwembamba kuliko unywele.

Mvumo nao nimeupata hivi: nikigusa nyuzi haupungui, nikigusa ile sahani ya jeki wapungua. Kwa hivo nyuzi hazijaungwa na ethi. Kuna waya mmoja watakiwa kutoka chini ya briji mpaka nyuma ya poti ya volyumu (kile kifaa unachozungusha kupandisha sauti), na ukiinua briji utauona, sasa huu wangu ulikuwa umeliwa na kutu ukakatika pale pale chini ya chuma, juu hauonekani kama una shida yoyote. Kama besi yako yavuma hivo, anza na huo waya kabla hujamlipa mtu kubadilisha pikapu.

Jumamosi, 11 Januari

Luthuli Avenue asubuhi kutafuta poti. Nataka mbili za kilo-omu 250 na kapasita ya kupunguza ukali wa sauti, maikrofaradi 0.047. Duka la kwanza hakuna, la pili wana za 500, la tatu nikamkuta mzee mmoja na droo zake ndogo ndogo zimeandikwa kwa kalamu, nikamuamkia, nikamwambia ni za gitaa.

"Gitaa ya kanisa?"

"Hapana mzee wangu, ya roki."

"Hio nayo mwaimbia nani?" akauliza, na aliuliza kwa kutaka kujua kweli, basi tukakaa pale dakika ishirini namueleza. Akanitolea poti zina herufi B, nikamuomba zenye A. B husonga sawasawa kwa namba lakini sikio halisikii hivo, ukizungusha kidogo tu mwanzoni sauti yaja yote kwa ghafla, A ndio hupanda pole pole kama sikio linavyotaka. Alikuwa nazo, chini kabisa ya droo. Aliniuzia zote mbili kwa bei ya moja akasema nikimaliza nimpelekee video.

Jioni nimesolda yote. Mvumo umekwisha, kimya kabisa. Nimeipiga nikiwa nimekaa sakafuni karibu saa nzima.

Jumatano, 15 Januari

Ncha za freti. Nimebandika tepu kwenye mbao, nikapitisha tupa bapa ikiwa imeinama kidogo, alafu msasa namba 400 kisha 800. Saa tatu na nusu. Mkono sasa wateremka bila kukwaruzwa.

Jumamosi, 18 Januari

Stima zimepotea tangu saa moja jioni, siwezi kusolda wala kujaribu kitu, basi wacha niandike ile sehemu ya wale walionifunza.

Wa kwanza ni Geezer Butler, mpiga besi wa Black Sabbath, bendi ya roki nzito ya Uingereza. Nilikuwa na miaka kumi na tano, tuko Tudor kwa rafiki yangu, kakake ametuwekea CD. Wale ni watoto wa viwandani Birmingham, mpiga gitaa wao Tony Iommi mashine ya kiwandani ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na yeye ni mkono wa kushoto, kwa hivo ndivo vidole vya kubana nyuzi. Akajitengenezea vifuniko vya vidole, akatafuta nyuzi nyepesi, na ilipofika albamu yao ya tatu ya 1971 wakalegeza nyuzi nusu toni tatu kwenda chini, na Geezer akashuka naye. Mie hio habari nilikuja kuijua baadaye sana. Siku ile nilichosikia ni besi nzito yavuta wimbo mzima kutoka chini kama ng'ombe wavuta mkokoteni kwenye matope. Mpaka leo nikisikia mtu asema besi haisikiki kwenye roki namuwekea huyo.

Wa pili ni John Entwistle, mpiga besi wa The Who. Huyu mwaka 1966 alikaa na watengenezaji wa Rotosound mpaka wakapata nyuzi za kusokotwa kwa waya wa mviringo zinazolia kwa ukali kama piano. Nyuzi zile ndizo wengi wetu twatumia leo, ukipitisha kidole wasikia mikwaruzo. Nilizipenda kwa miaka minane bila kubadilika. Nilikuwa nabadilisha kila zikipoteza ule ukali, pesa ya chakula yaenda kwa nyuzi, na sijutii, manake sauti ile ilinifunza kupiga kwa usafi, kila kosa lasikika.

Cliff Burton wa Metallica kwa ujasiri wake, kuweka distoshen na wawa (pedali za kuchanisha na kupindisha sauti) juu ya besi na kupiga solo peke yake kwenye albamu ya kwanza ya bendi, 1983, na kwa vidole si kwa piki, kile kiplastiki cha kupigia nyuzi. Alikufa kwa ajali ya basi Sweden tarehe 27 Septemba 1986 akiwa na miaka 24. Nimeshapita huo umri na bado kuna vipande vyake mkono wangu wakataa.

Alafu John Deacon, mpiga besi wa Queen. Watu wa Pwani twajivunia Freddie Mercury, muimbaji wao, kwa sababu alizaliwa Unguja 1946, na ni haki yetu, lakini mie kwenye zile video za Queen nilikuwa namtazama yule aliyesimama nyuma karibu na ngoma, haruki, hapigi kelele. Deacon alisomea elektroniki. Siku moja akaokota saketi kwenye pipa la takataka, akaiweka ndani ya kasha la spika dogo, akaiwasha kwa betri ya volti 9, na ile amplifaya Brian May, mpiga gitaa wao, akaitumia studio kupanga magitaa yake yasikike kama okestra. Hicho kisa chanipa nguvu kila nikiwa Luthuli na orodha yangu ya vitu vya shilingi hamsini. Na upigaji wake ndio nilichelewa kuuelewa kuliko wa mwengine yeyote: noti zake ni chache na zakatika. Apiga, akata. Ule wimbo wake mkubwa wa 1980, Another One Bites the Dust, umejengwa na pale anapoacha.

Hawa wa kwetu Afrika nao. Zamrock, ile roki ya Zambia, bendi ya WITCH miaka ya 70, fuzi (mlio mkali wa kuchanika) kwenye gitaa na chini yake besi yacheza kama ya dansi, hiyo ilinionyesha kwamba hatuhitaji kuomba ruhusa kwa mtu. Na benga. Nimekuja kuishi Nairobi nikakutana na benga kwenye matatu na kwenye maduka ya River Road, na ile besi yake si ya kukaa nyuma, yaruka ruka mbele, fupi fupi, yajibizana na gitaa la solo, watu husema magitaa ya benga yafuata nyatiti, kile chombo cha nyuzi cha Waluo, na mie nasikia hivo, hata ile pete ya chuma kidoleni mwa mguu wa mpiga nyatiti inayogonga mbao naisikia ndani ya besi.

Stima zimerudi saa nne na robo. Naacha hapa.

Jumapili, 2 Februari

Wiki mbili sijagusa kitu, kazi ilinibana. Lakini leo kuna jambo kubwa.

Binamu yangu ameniletea faili la sauti, amelitoa kwenye kaseti ya mjomba, bendi yao wakipiga hotelini, imerekodiwa na mtu aliyekaa karibu na spika. Wimbo wa pili ni chakacha. Nimeisikiliza mara kumi na mbili. Besi ni hii hii niliyonayo, nina hakika, na mlio wake si huu nilionao. Huu wangu walia, wakokota, noti yaingia ndani ya noti nyengine. Ule wa kaseti wasema DUM unakatika. Dum. Kama mtu agonga mlango wa mbao mara moja. Na ile chakacha yakwenda kwa tatu tatu, noti zikikokota zote huwa uji, lakini pale kila moja yasimama peke yake, wasikia mpaka kayamba kati yake.

Nilidhani ni mkono wake. Nikajaribu kukata kwa kiganja, nikapata nusu. Nikampigia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Vipi, umeiwasha?"

Nikamueleza nimeshasolda, nimepiga tupa freti, alafu nikamuuliza ule mlio wa kaseti alikuwa akiupataje. Akanyamaza kidogo.

"Ile sponji chini ya kifuniko iko?"

Wallahi niliishiwa maneno. Nikamwambia ukweli kuwa niliitupa siku ya kwanza nikidhani ni uchafu. Hakunikasirikia, akasema tu, "Kata nyengine, mwanangu. Na hizo nyuzi zako za kelele zitoe."

Nimekaa nikafikiri. Kumbe hili jambo si geni, nilikuwa nalisoma bila kulitia maanani. Precision za zamani zilikuja na sponji chini ya kifuniko toka kiwandani, ile ni kazi yake. James Jamerson, yule mpiga besi wa Motown, kampuni ya rekodi ya Detroit, alikuwa na sponji pale pale, na nyuzi bapa (zilizosokotwa kwa waya bapa, si wa mviringo) ambazo alikuwa habadilishi mpaka ikatike, na apiga kwa kidole kimoja tu cha shahada. Nusu ya besi ambazo dunia nzima yazijua zilitoka kwa ule mkono. Nilikuwa nikimuweka kwenye fungu la soul, nasema ni mkubwa lakini si wetu.

Alafu lililonimaliza: Steve Harris, mpiga besi wa Iron Maiden, bendi ya roki nzito. Precision, vidole viwili, na nyuzi bapa. Miaka yote nikisikia zile mbio zake za farasi nilidhani ni nyuzi za mviringo kama zangu. Bapa! Kwa hivo kusema nyuzi bapa ni za wazee na roki yataka ukali, hayo ni maneno niliyorithi kwa watu wa mazoezini na sikuwahi kuyapima mwenyewe.

Jumamosi, 15 Februari

Nyuzi bapa zimefika, zile nzito, shilingi elfu sita na mia tano. Ukizishika ni laini kama utepe, kidole chateleza bila sauti.

Kazi yake haikuwa ya kubadilisha tu. Uzi wa E mpya ni mnene, haukukaa kwenye mfereji wake pale juu kichwani, ukawa umepanda juu, basi nikaupanua kwa tupa ya duara pole pole, mara tatu nne napiga tupa kisha napima, kwa sababu ukizidisha ukaenda chini uzi utagonga freti ya kwanza na hapo ni kununua kipande kipya.

Na nyuzi hizi zavuta kwa nguvu zaidi. Nilipozikaza zote shingo ikapinda mbele, freti ya saba kukawa na nafasi ya kupitisha funguo. Kupima: bana uzi freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, alafu tazama katikati, mie nataka nafasi ya unene wa kadi ya biashara, kama milimita 0.3. Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma, waizungusha kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) kuikaza. Robo mzunguko, kisha acha, kunywa chai, tuni upya, pima. Usikaze nusu kwa mpigo. Nilifanya robo tatu kwa siku mbili nikafika.

Sponji nimekata ya kuoshea vyombo, mpya, upande laini. Nimeiweka chini ya kifuniko.

Kabla, uzi wa E ulikuwa walia zaidi ya sekunde ishirini. Sasa ni kama sekunde moja. Dum.

Jumamosi, 22 Februari

Mazoezi ya bendi, Ngara. Nilikuwa na wasiwasi manake nyimbo zetu ni nzito, gitaa limeshushwa uzi wa chini mpaka D, na nilijua mpiga gitaa atauliza ukali uko wapi.

Vifaa nilivyobeba, kwa walioniuliza: besi hii, pedali ya kutuni, SansAmp (pedali inayoiga amplifaya) ya zamani niliyonunua kwa mtu, na Big Muff, pedali ya fuzi. Amplifaya ni ya chumba cha mazoezi, wati 100 na spika moja ya inchi 12. Ndoto yangu ni Ampeg SVT, ile ya 1969 ya wati 300 na kabati la spika nane za inchi 10, lakini hio yahitaji watu wawili kuinua na gari, basi kwa sasa nina mpango wa kuchongesha kasha la plywood la milimita 18 huko Gikomba na kutia spika ya inchi 15.

Wimbo wa kwanza nilipiga bila pedali. Mpiga ngoma alisimama katikati akavua hedifoni. Akasema, "Kaka, leo ndio mara ya kwanza naisikia kiki yangu." Na ni kweli, uzi wa E wazi ni hezi 41 (mitetemo 41 kwa sekunde), na kiki, ile ngoma kubwa ya mguu, nayo yaishi huko huko chini, noti yangu ikikokota yamfunika, ikikatika yampa nafasi. Mpiga gitaa naye alisema sauti yake imekuwa kubwa bila kuongeza volyumu. Hatukubadilisha chochote kwake.

Wimbo wa tatu nikawasha Big Muff na hapo nikajifunza jambo: fuzi peke yake juu ya nyuzi bapa yameza mzizi wa noti, yabaki moshi. Nilichofanya ni kugawa sauti mara mbili, moja yapita safi, nyengine kwenye fuzi, alafu nachanganya, safi iwe zaidi kidogo. Ikatoka sauti ambayo sijawahi kuwa nayo, yanguruma na bado yakatika. Tuliurudia ule wimbo mara sita, si kwa kukosea.

Kitu kimoja kinachosalia. Kwenye wimbo wa polepole, ule wa mwisho, nahitaji noti ndefu na sponji hainiruhusu. Kwa sasa natoa kifuniko skrubu mbili kabla ya ule wimbo. Nafikiria kutengeneza kitu cha kuteremsha sponji kwa kuzungusha kitufe, mjomba ana wazo lake ameniambia nimuone.

Jumamosi, 5 Aprili, Mombasa

Nimekuja na treni baada ya Idi, besi imesafiri mapajani mwangu safari nzima. Mvua bado haijashika lakini hewa ni nzito, na nilipoifungua tu niliona shingo imesogea, nyuzi zimeshuka karibu na freti, uzi wa G, ule mwembamba, wapiga kelele kwenye freti za mwanzo. Nilitegemea.

Mjomba ameishika. Vidole havikunji vizuri siku hizi, kwa hivo hakupiga, aliigeuza, akatazama solda zangu, akapitisha dole gumba kwenye ncha za freti, akanyamaza, kisha akafungua kifuniko. Sponji yangu ilikuwa imekatwa sawasawa mstatili. Akaniitisha kisu, akaikata mshazari, nene upande wa E, nyembamba upande wa G, na kuisogeza mbele kidogo mpaka ikakaa mbali na briji kama upana wa kidole.

"E hulia zaidi, yataka kushikwa zaidi. G muache apumue."

Nikapiga ile chakacha ya kaseti, wimbo wa pili. Nyuzi nne sasa zakatika pamoja, kwa muda mmoja. Kabla ya hapo E ilikuwa inachelewa na nilikuwa sijaisikia.

Hiyo ya kuteremsha sponji kwa kitufe amenichorea nyuma ya risiti: kipande cha bati, skrubu mbili zenye springi, hakuna kutoboa mwili wa besi. Ntampelekea fundi wa Kamukunji wiki ijayo.

Shingo nimeilegeza robo mzunguko saa tatu usiku, nimetuni, nimeiacha imelala kitandani na nyuzi zimekazwa. Asubuhi napima tena kabla ya treni, na Nairobi ntairudisha.